Bahari ya Lita 200 Katika Nyumba ya Askari

Mji wa Entebbe umejengwa juu ya rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Viktoria, na mtu akisimama mahali palipoinuka huona maji karibu kila upande. Lakini maji hayo ni maji baridi, hayana chumvi. Bahari iliyo karibu iko Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kwa sababu hiyo mkazi wa Entebbe anayetaka kufuga samaki wa baharini sebuleni mwake hana budi kujitengenezea bahari kwa maji ya bomba na chumvi maalumu ya paketi. Na akiisha kuitengeneza hana budi kubadili sehemu ya maji yake kila mara, mwaka mzima, mvua inyeshe au jua liwake, yeye awepo nyumbani au asiwepo.

Hilo la kuwepo na kutokuwepo ndilo lililoleta taabu katika nyumba moja ya askari mjini humo.

Mwenye nyumba ni sajini wa jeshi. Alizaliwa kaskazini ya nchi, akakua akichunga mbuzi, na mpaka alipotimiza miaka thelathini na miwili alikuwa hajaitia bahari machoni. Askari wa Uganda wamekuwa wakitumwa Somalia kulinda amani tangu mwaka 2007, na zamu yake ilipofika naye akaenda. Kambi yake huko Mogadishu ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, kando ya bahari. Katika saa chache za mapumziko alizoea kwenda kwenye miamba wakati maji yamekupwa na kuchungulia vidimbwi vilivyobaki. Humo aliona samaki wa urefu wa kidole, wenye rangi ambazo yeye alikuwa amezijua katika vitambaa vya wanawake tu. Muda wake ulipokwisha wenzake walirudi na akiba ya kununulia mabati au pikipiki. Yeye naye alinunua mabati, kwa maana si mtu mjinga, lakini sehemu moja ya fedha aliitenga, akanunua tangi la kioo, na baadaye akaagiza samaki watano kutoka pwani ya Kenya, ambako wako wavuvi wanaofanya kazi hiyo ya kuvua samaki wa mapambo.

Tangi lile lina urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 45, na likijaa mpaka mahali panapostahili huwa na maji ya lita 200 hivi. Ndani yake mliwekwa mawe ya matumbawe, konokono wachache, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe, na wengine watatu wa buluu. Jirani walikuja kutazama. Watoto wa nyumba za jirani walikuja mara nyingi zaidi kuliko ilivyopendeza.

Jinsi sajini alivyobadili maji ilikuwa hivi. Kila Jumamosi ya pili aliamka alfajiri, akachota maji ya tangi kwa jagi na kujaza majerikani matatu ya lita 20, akayabeba mpaka nje na kuyamwaga. Kisha akabeba majerikani mengine matatu ya maji ya chumvi aliyoyakoroga jana yake, akayainua moja moja mpaka kifuani na kuyamimina polepole juu ya sahani ili mchanga usitibuke. Maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko maji ya kawaida, hata jerikani moja lina uzito wa kilo 20 na nusu. Kwa hiyo kila Jumamosi hiyo alibeba zaidi ya kilo 120, na nusu yake aliipandisha juu ya ukingo wa tangi. Yeye aliona ni mazoezi ya mwili. Aliifanya kazi hiyo huku akiimba.

Mkewe ni karani katika ofisi ya serikali, na kabla ya ukarani alisomea ualimu hata akapata cheti. Wana binti wa miaka kumi na mmoja. Mwaka ule mama alijifungua mtoto wa pili, wa kiume, kwa upasuaji, na mtoto alipokuwa na majuma saba baba aliamriwa kurudi Somalia kwa zamu nyingine. Usiku wa kuamkia safari aliketi mezani akaandika maagizo juu ya ukurasa wa daftari, mistari minane, iliyonyoka kama amri ya jeshi. Mstari wa tatu ulisema: toa majerikani matatu, rudisha matatu.

“Mama watoto,” alisema, “samaki hawa nakuachia kama nilivyokuachia watoto.”

“Nenda salama, baba watoto. Utawakuta.”

Yafaa hapa msomaji aelezwe kwa nini maji ya namna hii hubadilishwa, kwa maana wengi hudhani ni kwa ajili ya kuyafanya yang’ae. Maji yaweza kung’aa kama kioo yakawa yameharibika. Samaki hula, na wakila hutoa uchafu, na chakula kisicholiwa huoza. Kutokana na hayo hupatikana amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Bakteria wanaoishi juu ya mawe na ndani ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ubaya wake ni mdogo zaidi. Baharini nitrati huchukuliwa na mimea, na kinachobaki hupotea katika maji mengi yasiyo na mpaka. Lakini katika tangi dogo haina pa kwenda, nayo hujilimbikiza siku baada ya siku. Njia iliyo rahisi ya kuipunguza ni kutoa maji yenye nitrati na kutia mengine yasiyo nayo.

Mama aliyafahamu hayo. Jumamosi ya kwanza alifanya kama alivyoagizwa, ila alijaza kila jerikani nusu tu, yeye na binti wakashika mkono mmoja mmoja. Kazi iliyomchukua mumewe saa moja iliwachukua asubuhi nzima. Jioni mama alisikia maumivu mahali pa kidonda, na siku ya pili yake muuguzi aliyekuwa akimpima mtoto aliona jinsi alivyokuwa akiinuka kitini, akamwuliza amebeba nini. Alipoambiwa kwamba ni maji ya samaki, hakucheka. Alimwambia mwanamke aliyejifungua kwa kisu asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake mpaka atakaporuhusiwa, na akamwuliza kama samaki hao wanajua kunyonyesha.

Basi ile kazi ikasimama. Haikusimama kwa uamuzi wowote. Jumamosi ya zamu ilipofika, mtoto alikuwa na homa, na iliyofuata kulikuwa na msiba kwa jirani. Lakini maji ya tangi hupungua yenyewe kwa kugeuka mvuke, na lile tangi lilipungua karibu lita 10 kwa juma. Mama alipoona maji yameshuka alikoroga chumvi katika ndoo ndogo kama ilivyoandikwa kwenye paketi, gramu 35 kwa kila lita, akajaza mpaka pale palipokuwa. Alijiambia kwamba anarudisha bahari mahali pake. Alifanya hivyo majuma manne.

Katika juma la tano konokono walianza kuanguka kutoka kwenye kioo. Halafu samaki mmoja wa buluu alikutwa chini ya jiwe asubuhi, na siku mbili baadaye wa pili. Wa machungwa walikuwa wakihema juu juu. Mama alitafuta katika droo ya mumewe kile kipima chumvi, kifaa kidogo cha plastiki chenye mshale, akakitia maji. Mshale ambao ungesimama penye 1.025 ulisimama penye 1.031.

Hesabu yake si ngumu kwa mtu aliyewahi kufundisha darasa la sita. Lita 200 za maji ya bahari, kwa gramu 35 kila lita, zina chumvi gramu 7,000. Maji yanapogeuka mvuke huondoka peke yake, na chumvi yote hubaki tangini. Kila juma mama alirudisha lita 10 za maji pamoja na gramu 350 za chumvi mpya juu ya ile ya zamani isiyoondoka. Baada ya majuma manne ni gramu 1,400 zilizozidi, na kila lita imekuwa na gramu 42, zaidi hata ya ile Bahari ya Shamu inayosifiwa kwa ukali wake. Na nitrati nayo ilikuwa haijapunguzwa hata kidogo. Haikuwezekana kusema ni lipi kati ya mawili lililowaua wale wawili.

Lililomkera zaidi ni kwamba jambo hilo alilijua tangu utoto. Sufuria ya maharage ikikauka motoni, hakuna mpishi anayeongeza maji ya chumvi. Huongeza maji matupu, kwa kuwa chumvi aliyotia mwanzoni ingali humo. Alikuwa amepika maharage miaka ishirini na zaidi, lakini hakupata kufikiri kwamba tangi la bwana mkubwa lingeweza kufuata desturi za jikoni.

Simu ilipopigwa kutoka Mogadishu usiku ule, swali la kwanza lilikuwa: “Mama watoto, wanakula?”

Alimweleza yote, hata habari ya kidonda, ambayo alikuwa amemficha. Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda, akadhani simu imekatika.

“Mbona hukuniambia?”

“Agizo la tatu limenishinda, afande.” Humwita hivyo anapotaka kumchokoza, au anapokuwa amekasirika kidogo.

“Amri isiyotekelezeka ni kosa la aliyeitoa,” alisema sajini. “Ibadili utakavyo.”

Ni neno jema, na si kila mume angelitamka. Sajini alikuwa ameipima kazi kwa mikono yake mwenyewe, akaiandika kana kwamba nyumba nzima ina mikono kama hiyo. Jambo la namna hii huonekana mahali pengi pasipo na samaki: tangi la gesi linaloachiwa mama aliyebaki nyumbani peke yake, au mlango wa bati usiofunguka ila kwa bega la mwanamume.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuirudisha chumvi mahali pake bila haraka, maana samaki hustahimili badiliko la polepole na huumizwa na la ghafula. Kila siku mama alitoa lita 5 za maji yale makali na kutia lita 5 za maji matupu yaliyokwisha kutiwa dawa ya kuondoa klorini na kupashwa joto. Siku ya saba mshale ulirudi karibu na 1.025. Samaki watatu walibaki hai, na wa machungwa wote wawili walikuwa miongoni mwao.

Katika siku hizo rafiki yake mmoja waliyesoma naye chuo, ambaye sasa hufundisha sayansi, alimwazima kitabu cha mambo ya viumbe vya majini. Humo alisoma habari za bibi mmoja wa Uingereza aliyeitwa Anna Thynne, mke wa kasisi mwenye cheo katika kanisa kuu la Westminster mjini London. Mwaka 1846 bibi huyu alikuwa Torquay, mji ulio pwani ya kusini, akaona matumbawe hai akayapenda kama vile sajini alivyowapenda samaki wa Mogadishu. Aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo ili yasigongane njiani, akayatia katika mtungi wa maji ya bahari akaenda nayo London. Huko naye alikutana na taabu ile ile ya maji. Mwanzoni aliletewa maji mapya kutoka pwani. Baadaye aliona kwamba maji yale yale yaweza kutumika tena yakitiwa hewa, na njia yake ilikuwa kuyamimina kutoka chombo hiki kwenda hiki mbele ya dirisha lililo wazi, kwa muda wa nusu saa au dakika arobaini na tano. Mwaka uliofuata alitia mimea ya baharini pamoja na matumbawe, na vitu hivyo vikasaidiana. Habari zake zilichapishwa mwaka 1859 na mtaalamu Philip Henry Gosse, ambaye mwenyewe alikuwa ameeleza mwaka 1854 jinsi ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi mbalimbali. Bibi Thynne huhesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kufuga viumbe vya baharini kwa muda mrefu nyumbani.

Lakini mama alipofika mahali fulani alisimama akasoma mara mbili. Aliyeyamimina yale maji nusu saa au zaidi hakuwa Bibi Thynne. Alikuwa mtumishi wake wa kike, msichana mdogo. Bibi mwenyewe alikiri kwamba kazi ilichosha, ila akaongeza kwamba msichana aliiona kama mchezo. Jina la Bibi Thynne limo kitabuni pamoja na la mumewe na la yule mtaalamu. La msichana halimo. Wala hakuna aliyeandika msichana mwenyewe alisema nini kuhusu mchezo ule.

Haikupita siku nne umeme ukakatika saa mbili za usiku. Pampu ya tangi ikanyamaza. Maji yasiyotembea hupungukiwa na hewa, na samaki hawachukui muda mrefu kuanza kuhema. Mama alichukua jagi, akachota maji ya tangi na kuyamwaga tena humo humo kutoka juu ili yaingie na hewa, akachota tena, akamwaga tena, kwa mwanga wa simu. Mtoto alipolia binti akashika jagi. Walipokezana hivyo mpaka umeme uliporudi karibu na usiku wa manane, na mkono wa mama ulipata ganzi. Binti alisema inafurahisha. Mama alimtazama usoni, akamwambia aende kulala.

Tangu usiku ule alianza kuipanga kazi upya, na kanuni aliyojiwekea ilikuwa moja: lisiwepo jambo lolote katika kazi hii linalomhitaji mtu kuinua zaidi ya chupa ya lita mbili.

Kwanza alipunguza kiasi. Badala ya lita 60 kila majuma mawili aliamua kubadili lita 20 kila juma. Mtu anaweza kuona kwamba huko ni kudanganya, na kwa hesabu ni kweli kwamba maji yanayobadilika kwa mwezi ni machache. Lakini lita 20 zikitolewa mara tatu mbalimbali huondoa kiasi cha 27 kwa mia ya uchafu uliokuwamo mwanzoni, na lita 60 zikitolewa mara moja huondoa 30 kwa mia. Pengo ni dogo. Badiliko dogo pia haliwashtui samaki, na kosa la chumvi au la joto katika lita 20 haliwezi kuwa kubwa kama katika lita 60. Ili kufidia kilichopungua alipunguza chakula. Samaki wa nyumba ile walikuwa wakila mara nne kwa siku kwa sababu kila mgeni alipenda kuwaona wakila. Sasa wanakula mara mbili, na kopo la chakula liko juu ya kabati.

Kisha alinunua pipa la plastiki jipya lenye kifuniko, pampu ndogo ya kuzama majini, na mita nane za mpira wa maji unaopenya nuru, mwembamba kama kidole gumba. Alisisitiza pipa jipya. Pipa lililowahi kuwa na rangi, sabuni au mafuta haliaminiki hata likioshwa mara kumi. Pipa hilo hukaa kwenye kona ya sebule karibu na tangi, wala halihamishwi. Siku ya Ijumaa jioni binti huvuta mpira kutoka bombani mpaka pipani na kujaza lita 20, penye mstari uliochorwa. Mama hutia dawa ya kuondoa klorini, kisha chumvi ya paketi, gramu 750 hivi, maana chumvi hiyo huwa na unyevu wake, na pampu huachwa ikiyazungusha maji usiku kucha pamoja na hita ndogo. Asubuhi hupimwa kwa kipima chumvi na kipimajoto. Mkono wa mtu si kipimajoto. Mkono uliotoka kufua kwa maji baridi huona kila kitu ni moto.

Kuyatoa maji machafu kulikuwa rahisi kuliko alivyofikiri. Mpira hujazwa maji ya bomba, ncha zote mbili huzibwa kwa kidole gumba, moja ikatiwa tangini na nyingine ikashushwa mpaka bafuni, na vidole vikiondolewa maji hujivuta yenyewe kwa kuwa tangi liko juu kuliko sakafu ya bafu. Wako watu wanaoanzisha mvuto huo kwa kunyonya mpira mdomoni, na mwishowe huyaonja maji waliyotaka kuyatupa. Mwanzoni mama aliyaelekeza nje, chini ya dirisha, na siku chache baadaye nakati za jirani zilizokuwa karibu na ukuta zikanyauka zote. Maji ya chumvi hayamwagwi penye mmea. Aliomba radhi, na jirani alipokea, ingawa kwa sauti ya mtu anayepokea deni pungufu.

Juu ya kioo alichora mistari miwili kwa rangi ya kucha. Wa juu ni kipimo cha tangi likiwa limejaa na pampu ikiwa imezimwa. Wa chini aliupata kwa kutoa jerikani moja kamili, nao ukawa sentimita nne na nusu chini ya ule wa kwanza. Tangu hapo hakuna kupima kitu. Maji hutoka mpaka mstari wa chini. Mpira hutolewa, huunganishwa na pampu iliyo pipani, na maji mapya hupandishwa mpaka mstari wa juu. Na kila asubuhi kabla ya shule binti hutazama mstari wa juu. Maji yakiwa yamepungua huongeza kwa chupa ya maji matupu yaliyotiwa dawa na kuwekwa tayari, yasiyo na hata chembe ya chumvi. Chupa hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa: MAHARAGE. Wageni huuliza.

Kabla ya maji kutolewa, hita na pampu ya chujio huzimwa, kwa maana hita ikibaki hewani ikiwa ya moto huweza kupasuka, na pampu isiyo na maji huungua. Hatari iko katika kusahau kuziwasha tena. Vyombo vyote viwili mama aliviunganisha kwenye soketi moja, na akitaka kuzima huning’iniza juu ya soketi hiyo funguo zake za ofisini na za nyumba. Hawezi kutoka bila funguo, na hawezi kuchukua funguo bila kuiona swichi. Waya nazo alizilegeza ili zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda, hivyo tone la maji linaloteremka juu ya waya hudondoka sakafuni badala ya kuingia penye umeme. Katika nyumba yenye watoto jambo hili lingepaswa kuwa la kwanza kutajwa.

Isidhaniwe kwamba yote yalikwenda sawa. Jumamosi ya pili alijaza tangi, akazima pampu ya pipa, akaenda kumnyonyesha mtoto huku ncha ya mpira ikiwa imezama katika tangi. Maji hayajui kama mwenye nyumba amemaliza kazi. Yalianza kurudi kwa mpira ule ule kutoka tangini kwenda pipani, pipa likajaa, likafurika, na alipotoka chumbani mkeka ulikuwa unaelea na daftari za binti zilizokuwa sakafuni zilikuwa zimelowa. Sasa ncha ya mpira hufungwa kwa kibanio cha nguo juu ya maji, isiyaguse kamwe, ili pampu ikizimwa mpira uvute hewa na maji yakome.

Kazi yote huchukua dakika ishirini na tano, mtoto akiwa mgongoni. Mwezi wa tatu nitrati ilipopimwa ilikuwa chini kuliko wakati wa yale majerikani. Sababu kubwa, kama ukweli usemwe, ilikuwa kopo la chakula kupanda juu ya kabati. Lakini ilisaidia pia kwamba zamu haikurukwa hata mara moja, hata juma lile binti alipokuwa na mtihani na mama alipokuwa na mafua.

Sajini alirudi mwezi wa Desemba. Jumamosi ya kwanza aliamka alfajiri kwa mazoea, akatembea bila viatu asiamshe watu, akaanza kuyatafuta majerikani yake. Mawili aliyakuta jikoni yamejaa maji ya kunywa. La tatu lilikuwa nje, limekatwa katikati kwa urefu na kujazwa udongo, na ndani yake nakati zilikuwa zimeota vizuri; jirani alikuwa amekwisha kuvuna mara mbili. Alirudi sebuleni akasimama kulitazama pipa. Binti, aliyekuwa ameamka, alimweleza moja baada ya moja, naye akasikiliza mikono ikiwa nyuma kama mtu anayepokea ripoti.

Mama alikuwa kitandani na mtoto. Kupitia mlangoni alisikia maji yakivutwa kuelekea bafuni, kisha pampu ikianza kunguruma, kisha sauti ya binti: “Baba, ncha ya mpira isizame.”

“Vema.”

Pampu ilinyamaza. Mama alimweka mtoto begani, akangoja. Kulikuwa kimya kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, ndipo aliposikia funguo zikilia juu ya soketi na chujio likianza tena kuchuruzika.